Una ndugu mwenye ulemavu wa akili hapa Pemba? Anza na daftari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika haya kwa sababu kila nikikaa pahala kuna mtu huniuliza suala lile lile, hasa kina mama, kwamba mie nna mtoto, au nna ndugu, akili yake haikukua kama wenziwe, sasa niende wapi, nianze na nani. Na mie hayo niliyajua kwa taabu, kwa kuzungushwa miaka na miaka, ndo nkasema ntaandika kila ninachokijua ili mwengine asizunguke kama nilivozunguka mie. Mdogo wangu ana miaka 31 sasa, tunakaa Wete, mama ndo alomlea mpaka mgongo ukamkatalia, na hivi sasa ni mie na dada yangu tunapokezana.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Ukingoja kuna jengo fulani utampeleka asubuhi wakuchukulie kila kitu, utangoja sana. Huduma zipo lakini zimetawanyika, kidogo iko kwa sheha, kidogo kituo cha afya, kidogo skuli, kidogo kwa jumuiya za watu wenye ulemavu, kidogo ustawi wa jamii, na kila mmoja hapo anamjua mwanao nusu nusu tu. Halafu watu hao wanabadilika, dokta anahamishwa, mwalimu anastaafu, sheha anawekwa mwengine, na wewe unaanza hadithi upya tangu siku aliyozaliwa. Kwa hivo kabla hujaenda popote nunua kaunta buku. Hilo daftari ndo nguzo ya mambo yote ntakayoeleza hapa.

Ntakwambia nimelijuaje. Kuna mwaka nilikuwa Unguja, mama akaanguka chooni, majirani wakamkimbiza hospitali, na mdogo wangu kwa kule kuona mama anabebwa akapatwa na kifafa pale pale uani. Naye akachukuliwa. Hospitali wakauliza anatumia dawa gani, hakuna anaejua. Anaumwa wapi, hasemi. Mama mwenyewe hajitambui. Basi wakamuanzishia dawa upya na wakamfunga mikono kitandani kwa kuwa alikuwa akipiga kelele, na zile kelele zake maskini alikuwa anaomba maji, yeye maji anayaita "baa". Mtu mmoja tu angelijua kuwa "baa" ni maji pasingekuwa na kamba. Mie nimefika na boti kesho yake nimemkuta na alama mkononi. Siwalaumu sana wale manesi, walikuwa hawajui, na hawakujua kwa sababu sie wenyewe hatukuandika popote.

Sasa daftari lenyewe. Ukurasa wa mwanzo andika jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya cheti cha kuzaliwa, nambari ya kitambulisho cha Mzanzibari kama ameshafika umri wake, shehia, na nambari za simu za watu watatu ambao hata saa nane za usiku watapokea. Ukurasa wa pili ndo muhimu kuliko yote na ndo watu wanaouruka: andika anavyosema. Neno gani ni maji, neno gani ni choo, akiumwa na tumbo anafanya nini (wa kwetu anauma ukosi wa shati), akiogopa anafanya nini, na kitu gani kinamtuliza. Mdogo wangu ukimpa tasbihi ashike anatulia, kwa hivo imeandikwa, "mpe tasbihi, usimshike mabega". Ukurasa wa tatu dawa, jina lake kama lilivoandikwa kwenye pakti, vidonge vingapi, saa ngapi, na dawa gani iliwahi kumdhuru. Baada ya hapo kila ukienda pahala unaandika tarehe, umeonana na nani, kasema nini, kakwambia urudi lini. Usiamini kichwa chako, mie nilikuwa nakiamini.

Ukishapata daftari, kamilisha karatasi. Watoto wengi wenye ulemavu wa akili hawana cheti cha kuzaliwa, sababu walizaliwa nyumbani au wazee waliona haya au waliona hana haja nacho, hatosoma huyu. Hapana, cheti ndo mlango wa skuli, wa kitambulisho, wa mirathi, wa kila kitu. Siku hizi mambo hayo yako chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii na wapo wilayani, unaanza kwa sheha kwanza akuandikie kuwa mtoto ni wa shehia yake. Na akifika miaka 18 mpeleke akapigwe picha ya kitambulisho kama wenziwe. Mpeleke asubuhi mapema kabla ya foleni, mwambie wa mlangoni hali yake, mzoeshe siku mbili tatu nyumbani kukaa tuli mbele ya simu kama anapigwa picha. Sisi tulirudi mara mbili kabla hatujafanikiwa.

Kwa sheha usiende kuchukua barua tu ukaondoka. Nenda nae mwenyewe, akae pale barazani, sheha amuone, amjue jina. Mwambie aandikwe kwenye daftari la wakaazi kuwa ni mtu mwenye ulemavu na aina ya ulemavu wake. Kwa nini nasisitiza, kwa sababu chochote kikija, iwe mpango wa kunusuru kaya masikini wa TASAF, iwe chakula cha Ramadhani, iwe mafunzo ya vikundi, majina huulizwa shehia, na mtu aliefichwa ndani hana jina. Kuna nyumba mie nnaijua, miaka kumi na tano hakuna jirani aliejua kuwa mule ndani kuna mtoto wa nne. Namuelewa yule mama, maneno ya watu yanachoma, mara utasikia kalogewa, mara kaadhibiwa, mara wanamwita zuzu au punguani mbele ya masikio yake. Lakini kumficha kumemfanya akose hata chanjo.

Na hapa niseme juu ya majina, maana ukikosea jina unapelekwa mlango siwo. Ulemavu wa akili siyo ugonjwa wa akili. Ulemavu wa akili mtu anakuwa nao tangu mdogo, kujifunza kwake ni kwa taratibu, kuelewa, kusema, kujihudumia vinachelewa, na hauna dawa ya kuuondoa ila mafunzo na msaada vinamfikisha mbali. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote hata profesa, akiwa na miaka arubaini, na unatibika. Kidongo Chekundu kule Unguja ni hospitali ya maradhi ya akili, sasa mtu akikwambia mwanao wa miaka mitano asietembea vizuri na asiesema umpeleke Kidongo Chekundu, muulize kwanza ameona ugonjwa gani. Usonji (autism, mtu anapata shida kuwasiliana na kuchanganyika na watu) nao ni kitu chengine tena, japo unaweza kukutana na ulemavu wa akili kwa mtoto mmoja. Mtindio wa ubongo pia ni mbali, ule unashika viungo, na wapo wenye mtindio wa ubongo akili zao kali kabisa ila mdomo hauwafuati, wanadhaniwa hawaelewi na wanasikia kila tunachosema.

Sababu watu huniuliza sana ila mie huzipita haraka maana haya yameshatokea. Kuna wanaozaliwa nayo kwenye vinasaba kama watoto wenye hali inayoitwa Down, wana kromosomu ya 21 moja zaidi, si kosa la mama wala la baba. Kuna waliochelewa kulia wakati wa kuzaliwa, kuna waliopata manjano makali siku za mwanzo bila kutibiwa, kuna homa ya uti wa mgongo. Na kuna upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito, hili naliongeza kwa sababu watu wa Pemba tunajidanganya kuwa sie tumezungukwa na bahari tunakula samaki basi madini joto tunayo, upungufu huo umeshaonekana visiwani humu humu, na chumvi ya kuanikwa pwani tunayoinunua kwa kipimo mara nyingi haikutiwa madini joto. Mwenye mimba nyumbani mnunulie chumvi ya pakti ilioandikwa kuwa imetiwa.

Hospitali unaanza kituo cha afya cha karibu. Kama kuna yule mhudumu wa afya wa kujitolea anaepita majumbani na simu yake, mkaribishe, muoneshe mtoto hata kama kaja kwa ajili ya mtoto mwengine. Halafu omba upelekwe hospitali kubwa, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, na ukienda usiseme tu "nimekuja kumcheki". Sema unataka apimwe masikio na macho. Hili ni jambo nnaloona linasahauliwa vibaya sana, mtoto anaitwa mzito wa akili miaka chungu nzima kumbe nusu ya tatizo hasikii vizuri, usaha masikioni kila masika. Kama ana Down omba moyo usikilizwe vizuri maana karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, na uulize kipimo cha tezi ya shingoni. Muulize pia daktari kama kuna mtu wa mazoezi ya viungo, akufundishe wewe mazoezi ya kufanya nyumbani, sababu kupanda gari kila wiki kwenda Chake na mtoto mabegani hutoweza, nauli peke yake itakushinda. Meno vile vile, angalia meno, mtu asieweza kusema jino linauma atapiga watu na nyie mtasema kachanganyikiwa.

Kifafa. Wengi wao wanacho. Dawa ya kifafa haikatwi kwa kuwa mwezi huu hajaanguka, hajaanguka kwa sababu anakunywa, ukiikata ghafla kinarudi kwa nguvu na saa zengine kinapiga mfululizo bila kukatika na hapo ndo watu wanapoteza roho. Akianguka mlaze ubavu, toa vitu vya kumuumiza karibu yake, mwekee nguo laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnushe kiatu, usimmwagie maji, tazama saa. Ikipita dakika tano hakijaacha tafuta gari. Na nyumba zetu za Pemba zina visima vya wazi na majiko ya mafiga, huu ndo msiba wenyewe. Tulifunika kisima chetu kwa mbao na kufuli, fundi alituuliza kufuli la kisima la nini, tukamueleza. Mdogo wangu hapiki peke yake na haendi pwani peke yake, ila anakwenda, lazima awepo mtu anaejua kuogelea.

Ramadhani ikija ulizeni habari ya kufunga mapema Shaaban, siyo siku ya mwezi kuonekana. Asiekuwa na akili ya kuelewa kalamu haimuandikii, yaani saumu haimlazimu, masheikh wote watakwambia hivo, lakini wapo wanaoelewa na wanataka kufunga na wenziwe, wa kwetu analia tukimnyima daku. Tulimpeleka kwa daktari akatupangia dawa zake zikae kwenye futari na daku, na akatwambia siku akianguka basi afunguzwe hapo hapo. Kuna dawa zengine haziwezi kupangwa hivo, kwa hivo usinifuate mie, muulize daktari wako.

Visomo siwakatazi watu, sie wenyewe tumesomewa na tunasomewa mpaka leo na moyo unapata utulivu. Ninachokataa ni mganga anaekwambia uache dawa za hospitali, au anaempiga mtoto kumtoa shetani, au kumfukiza moshi mpaka anakohoa damu. Kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya Kurani, halimfanyi asiyesema akaseme kwa wiki saba kwa laki mbili. Hizo laki mbili ni magodoro mawili na kiti cha msalani.

Skuli. Elimu ni haki yake, na Zanzibar tuna mfumo wa elimu mjumuisho, wizara ya elimu ina kitengo chake cha elimu mjumuisho na stadi za maisha, yaani mtoto asome skuli ya mtaani kwao na wenziwe na walimu wapewe mafunzo ya namna ya kumfundisha. Mwalimu mkuu akikwambia hatuna nafasi ya mtoto wa namna hiyo usigombane nae na usiondoke, muombe akuandikie kwenye karatasi kuwa amekataa na kwa nini. Mara nyingi hapo hapo atakwambia basi mlete Jumatatu. Akikuandikia kweli, peleka karatasi hiyo kwa ofisa elimu wa wilaya. Na ukimpeleka skuli nenda na daftari lile, mwalimu asome ule ukurasa wa pili. Kaa nae mwalimu mjue nyote wawili mnataka mwaka huu ajue nini. Siyo asome kama wenziwe, labda mwaka huu ajue kwenda choo mwenyewe na kukaa darasani mpaka mapumziko, hayo ni mafanikio makubwa kabisa na mwalimu anaejua hivo hatokata tamaa. Chuo cha Kurani pia mpeleke, usimwache nyuma watoto wa mtaa wanapokwenda na juzuu zao, wa kwetu hajui herufi hata moja lakini Alhamdu anayo, aliipata kwa kusikia kila siku alasiri.

Kufundisha nyumbani nataka nikae nalo kidogo maana hili halina ofisi na ndo lililobadilisha maisha yetu. Kosa letu tulikuwa tunamfanyia kila kitu kwa huruma. Mama alimvisha shati mpaka ana miaka 22. Siku moja dada mmoja wa jumuiya ya wazazi akatufundisha kitu chepesi: kazi yoyote igawe vipande vidogo halafu umfundishe kuanzia kipande cha MWISHO. Shati basi, wewe mvishe lote, mfungie vifungo vyote, bakisha kifungo kimoja cha mwisho afunge yeye. Akimaliza msifu, maashallah, shati limekwisha na kalimaliza yeye. Akikiweza hicho bakisha viwili. Ilichukua karibu miezi mitano na mie niliona haitowezekana, leo anavaa kanzu yake ya Ijumaa mwenyewe na kofia. Tukafanya hivo hivo kwa kuoga, kwa kukosha sahani, kwa kwenda dukani. Duka ilikuwa hivi, wiki za mwanzo nnakwenda nae, yeye kazi yake ni kupokea boflo tu mkononi. Kisha akawa anatoa pesa yeye na kupokea boflo. Kisha mie nabaki nyuma kidogo. Kisha nabaki mlangoni kwetu namtazama. Mwenye duka tulishazungumza nae, anajua huyu akija na mia tano anataka maboflo, na akija bila pesa ampe glasi ya maji na anipigie simu. Sentensi ziwe fupi, jambo moja moja. Usimwambie "kakoshe mikono uje ule ukimaliza ukachukue mkeka", mwambie "kosha mikono", ngoja, halafu ndo mengine. Na umpe muda wa kujibu, hesabu mpaka kumi kimya kimya, watu wengi huuliza mara tatu kwa kasi na mtu bado anatafuta jibu la mara ya mwanzo.

Akiwa mkubwa apewe kazi. Msimu wa karafuu ukiingia kuchambua kunafanyika usiku na watu wamekaa duara, hadithi zinapigwa, na kuchambua ni kutenganisha tu karafuu na makonyo, kazi ya mikono inayojirudia, mdogo wangu anaiweza na analipwa kwa pishi kama wenziwe. Mwaka wa kwanza jamaa mwenye shamba alitaka kumpa biskuti tu. Tukakataa. Kazi moja malipo mamoja, na pesa ile tunamkabidhi mkononi mbele ya watu. Wapo wengine kwenye mwani wanafunga kamba, wapo wanaofuga kuku, na vituo vya mafunzo ya amali kama kile cha Vitongoji ulizeni wanapokea vipi vijana wenye ulemavu, msisubiri kualikwa.

Sasa jambo zito. Watoto na vijana hawa, wa kike na wa kiume, wanadhalilishwa kijinsia sana, na mara nyingi na mtu wa karibu, kwa sababu mtu anajua huyu hatosema au akisema hatosadikiwa. Mfundishe majina ya sehemu zake za mwili, mfundishe nani anaruhusiwa kumuosha na nani hapana, mfundishe kusema "SITAKI" kwa sauti kubwa hata kama ni neno moja tu analoliweza. Msichana mfundishe hedhi kabla haijaja, kwa kumuonesha pedi, kwa mazoezi ya kubadilisha na maji ya rangi. Ukiona kabadilika, ameanza kukojoa kitandani tena, anaogopa mtu fulani, ana maumivu, usimuoshe na usifue nguo alizokuwa nazo, zitie kwenye karatasi siyo mfuko wa plastiki, mpeleke hospitali siku ile ile. Dawa ya kukinga virusi vya ukimwi inatakiwa ianze kabla ya masaa 72 kwisha, na kadri unavowahi ndo bora. Ulizia kituo cha Mkono kwa Mkono, pale daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuwa pahala pamoja usitangetange. Kwa mtoto piga 116, ni bure. Na msikubali muhali. Watakuja wazee na kahawa, watasema huyu ni ami yenu, watasema damu nzito, kesi mahakamani mtaaibika, tumalizane wenyewe kwa wenyewe. Nawaomba sana kwa Mwenyezi Mungu msikubali. Daftari lako hapo linasaidia pia, tarehe umeandika, mabadiliko umeandika, na mahakamani akienda kutoa ushahidi atahitaji mtu wa kueleza lugha yake, ukurasa wa pili uko tayari.

Jumuiya mzijue. ZAPDD ndo jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili Zanzibar, ipo tangu 1999 na inafika mpaka Pemba, hawa ndo watu wangu maana mule wazazi na ndugu tunakaa pamoja. Kuna UWZ ambayo ni umoja wa watu wenye ulemavu wa aina zote, wa zamani zaidi. Na serikalini kuna Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ambalo liko chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na sheria yetu mpya ya watu wenye ulemavu ni Nambari 8 ya mwaka 2022, ile ya mwanzo ilikuwa ya 2006. Tafuteni kopi msome, mie yangu ina mikunjo kila ukurasa, mtu akinambia "hakuna sheria hiyo" namfungulia. Ustawi wa jamii wako kila wilaya, ofisa wao ndo wa kumwendea kama mzazi hana uwezo kabisa, kama mtu anafungwa kamba nyumbani, au kama mlezi kafa na hakuna wa kuchukua.

Kundi la wazazi ukilikosa mtaani kwenu lianzishe. Sie tulianza kina mama wanne barazani kwetu, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mmoja anakaa na watoto wote asubuhi mpaka adhuhuri na watatu wanapumzika, mwezi unaofuata mwengine. Mama yule ambae miaka kumi na moja hajaenda harusini alikwenda. Tumeekeana kibubu, elfu moja moja, mtu akiumwa nauli ipo. Mlezi nae ni mtu, mgongo wake uangaliwe, mtu mzima ukimnyanyua kwa kuinama kila siku utaishia kama mama yangu, chuchumaa, mkumbatie karibu na kifua, nyanyuka na magoti. Na kina baba jamani, kumlea siyo kazi ya mama peke yake, waogesheni watoto wenu wa kiume walio wakubwa, ni heshima yao hiyo. Wazee waliofika miaka 70 wana pencheni jamii tangu 2016, wako mabibi wengi wanawalea wajukuu wenye ulemavu kwa hiyo, kama bibi yenu hajaandikishwa msaidieni aandikishwe.

La mwisho ni baada yetu. Mtu mwenye ulemavu wa akili anarithi kama ndugu zake, fungu lake halipungui hata mkarafuu mmoja. Nimeona ndugu wanagawana mashamba na yule wanamwambia wewe utakula kwetu. Akifa mzee nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana wapige hesabu, waambieni mapema kuwa miongoni mwa warithi kuna asieweza kusimamia mali yake, na msimamizi wake atambuliwe kwa Kadhi kwa maandishi, awe mtu anaekaa nae siyo tu mtu mwenye sauti kubwa katika ukoo. Kaeni kikao wazee wakiwa hai, muulizane nani atalala nae, nani atalipa dawa, nani atakwenda nae hospitali, na muandike ndani ya daftari na kila mtu atie saini. Kikao chetu kilikuwa kigumu, kaka yetu mmoja alinyanyuka akatoka nje, akarudi baada ya isha akatia saini.

Na mwenyewe mumuulize. Sie tulikaa miaka yote tunapanga juu ya kichwa chake, mpaka mwaka huu ndo nkamuuliza anataka alale wapi mama akiwa hayupo, kwangu au kwa dada. Nilimuonesha picha za nyumba mbili kwenye simu. Aliishika simu muda mrefu, akaenda akagusa picha ya kwa dada, halafu akagusa dirisha. Nikamuuliza tena kesho yake na kesho kutwa, kila mara ni lile lile dirisha. Pale kwa dada dirisha la chumba cha nyuma linatazama banda la ng'ombe, yeye anapenda ng'ombe. Nimeiandika, ukurasa wa mwisho, na tarehe yake.